Boti ya Kalombo Yahamia Kilwa

Kwa miaka tisa Kalombo alikuwa na jibu moja tu kwa kila aliyemshauri ahame mji wa Likasi, kule Katanga: "Mungu mwenyewe njo anaweza kunitoa hapa. Muntu hapana." Alilisema kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma mtaani kwake Kikula, akalisema misibani, akalisema hata kwenye harusi ya binti yake Hadassa, chupa ya soda mkononi. Alidhani anafunga mjadala. Katika mji ambao kila barabara ina chumba cha maombi, na kila chumba kina mama anayeona maono, mtu mwenye akili hatangazi maneno kama hayo. Lakini Kalombo, pamoja na ufundi wake wote, mdomo wake hakuujulia.

Tusimcheke haraka. Alikuwa na sababu zake. Mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na miwili, yeye na wazazi wake walilala miezi mitatu kwenye kituo cha treni cha Likasi, kwa sababu familia zenye asili ya Kasai zilikuwa zimeambiwa kwamba pale si kwao. Baba yake alizaliwa Likasi na alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa. Aliondoka na godoro, masufuria mawili, na kibati cha shaba chenye namba yake ya kazi, maana aliamini kwamba wataitwa warudi kabla mwezi haujaisha. Mdogo wake Kalombo, mtoto wa kike wa miaka mitatu, alifia palepale kituoni kwa kuhara. Watu walisali asubuhi na jioni. Kalombo naye alisali, kisha akaacha, kwa kuwa hakuona kama kuna anayewatazama.

Mwishowe treni iliwapeleka Kasai. Walirudi Likasi baada ya miaka sita, wakakuta watu wengine wanaishi nyumbani kwao. Baba hakuchukua muda, akafa, akamwachia mwanawe kibati. Kalombo akajifunza kuchomelea, akamwoa Simone, msichana wa Kilwa kwenye Ziwa Moero, akajenga nyumba yake mwenyewe tofali kwa tofali, na akaapa kwamba hatatolewa tena Likasi.

Riziki yake ilikuwa boti. Wavuvi wa ziwa la Tshangalele, karibu na Likasi, walimjua. Boti ya chuma ya Kalombo haikuvuja. Ya mwisho aliijenga kwa ajili yake mwenyewe, mita nane, jioni baada ya kazi za watu, na ikamchukua miaka minne. Jumapili moja, Simone akiwa kanisani, alikichukua kibati cha baba yake kwenye msumari ukutani, akakiweka ndani ya pua ya boti, kati ya mabamba mawili, na kuchomelea juu yake. Hakumwambia mtu. Alitaka tu baba yake awe na mahali ambapo hakuna wa kuja kumfukuza.

Simone naye alikuwa na lake. Mama yake alikuwa Kilwa, mzee, jicho moja limeshaingia ukungu, na kaka yake Floribert alipiga simu kila wiki: ziwa huku lina samaki, boti hakuna, mnangoja nini? Kule Tshangalele nyavu zilikuwa zinarudi nyepesi mwaka hata mwaka. Simone alimweleza mumewe kwa upole, akamweleza kwa hasira, akanyamaza. Na mume alijibu vilevile siku zote.

Basi mwezi wa sita, baada ya ibada, Mama Bénie alimwita Kalombo, ambaye siku hiyo alikuwa amemsindikiza mkewe. Huyu alikuwa mwombezi wa kanisa lao, mwanamke mpole mwenye sauti nzito, na watu walimwogopa kidogo. Alimwingiza kwenye chumba cha maombi, akafunga mlango, akamwekea mkono kichwani.

"Ninaona chuma ndani ya chuma," alisema. "Kadogo, ka muviringo, iko na namba. Baba yako njo alikuwa anaibeba. Bwana anasema: mutumishi wangu Kalombo, ile uliyofunga ku Likasi nitaifungua ku maji ya Moero. Ondoka. Na hii neno usimuambie muntu, hata bibi yako Simone, mpaka bwato itagusa maji."

Kalombo alitoka nje, akaketi kwenye ukingo wa mtaro mbele ya kanisa, akalia kama mtoto, suti yake nzuri ikishika vumbi. Wapita njia walidhani kafiwa. Kumbe alikuwa analia kwa furaha. Kama Mungu alikiona kibati ndani ya chuma, basi alikiona pia mkononi mwa baba yake pale kituoni. Basi alikuwepo. Basi alimwona na yule mtoto. Miaka thelathini Kalombo alikuwa amebeba kimya cha kituo kile, na sasa mtu amemjibu. Nyumba ni nini mbele ya hilo? Karakana ni nini?

Jumapili iliyofuata alishika maikrofoni kanisani. Habari ya kibati hakuitaja, kama alivyoagizwa. Alisema tu, "Mungu ameongea na minye. Tunaenda Kilwa." Kanisa zima likasimama, na Simone, kwenye benchi la mbele, akaitikia "Amina!" kwa sauti kuliko wote. Ndani ya majuma matatu nyumba ilikuwa imeuzwa, na Kalombo alikuwa mtu mwingine: analala vizuri, anapiga mluzi akichomelea tela la kubebea boti kwa ekseli ya pikapu iliyokufa. Majirani walikuja kumtazama, maana Kalombo apigaye mluzi hawakuwahi kumwona.

Dereva alikuwa Kassim, mtoto wa wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani, Mwislamu asiyependa maneno mengi, mwenye Land Cruiser kuukuu iliyozijua barabara zote za Katanga. Waliketi watatu mbele, Simone katikati. Nyuma kulikuwa na magodoro, vyombo, na mashine ya kuchomelea. Na nyuma ya vyote hivyo, boti juu ya tela lake, ikifuata kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Kanisa liliwasindikiza kwa nyimbo mpaka barabara kubwa.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Njia panda ya Kapolowe wauza mahindi waliipigia boti makofi. Polisi mmoja kabla ya Lubumbashi alitaka kujua namba ya usajili ya boti iko wapi, na taa zake za breki ziko wapi. Kalombo alishuka, akamweleza kwa heshima kwamba samaki hawaulizi taa za breki, na yule polisi alicheka mpaka akasahau alichotaka. Walilala Lubumbashi kwa ndugu zake Kassim. Asubuhi Kalombo aliwaombea safari wenyeji wake Waislamu, nao wakamwitikia.

Baada ya Kasomeno barabara ikawa ya udongo mwekundu, yenye matuta madogo madogo yanayotikisa mpaka meno. Hapo ndipo boti ilipoanza kulia. Kling, kling-kling, kila tuta. Kassim alivumilia kidogo, kisha akasimamisha gari, akazunguka nyuma, akalala chini ya tela na spana yake, akajaribu boliti moja moja. Alirudi akijifuta vumbi.

"Papa Kalombo, ma-boulons yote iko nguvu. Ile kitu inalia mu bwato yenyewe."

Kalombo alijua kinacholia, akatazama pembeni. Alikuwa ameagizwa asiseme, na alifurahi moyoni kuwa na siri na Mungu barabarani namna ile. Lakini jua lilikuwa kali, Simone alikuwa amebanwa katikati tangu alfajiri, na mgongo ulimuuma.

"Kassim, panda tuende," alisema Simone. "Hakuna kitu imearibika. Ni ile kibati ya baba-mukwe, iko mu pua ya bwato. Inaruka-ruka tu."

"Kibati gani?" aliuliza Kassim.

Simone alifungua mdomo, akaufunga.

Gari liliondoka. Na Kalombo alifanya nini njiani? Alimtetea mkewe. Pengine Mungu amemfunulia na yeye, alijiambia. Pengine ameota. Alimtafutia njia ya kutokea, moja baada ya nyingine, kwa sababu alimpenda, na kila njia ilifungwa na ule mdomo uliofunguka na kufungwa. Mwisho akauliza.

"Mama Hadassa. Nani alikuambia kuko kibati mu bwato?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya, na hilo tumhesabie. "Nilikuwa nafagia. Nikaona ku musumari hakuna kitu. Kisha nikaona soudure mupya, pale umechomelea, ku pua ya bwato. Nikajua."

"Na Mama Bénie? Nani alimuambia yeye?"

Kassim alifungua redio. Redio ilikuwa inakwaruza tu, akaizima.

"Papa Hadassa," alisema Simone, akitazama barabara, "weye ulisema ni Mungu tu anaweza kukutoa. Miaka tisa ulisema vile, mbele ya bantu bote. Mama yangu anaisha kule. Basi, nilienda kukutafutia Mungu."

"Kile kitenge nilikupatia siku ya Noël," alisema Kalombo taratibu. "Nilikiona Mama Bénie amekivaa. Ukaniambia ku soko kuko bingi ya sawa."

"Njo ile nilimupatia."

"Kama ungelia mbele yangu, Simone. Kama ungelia tu."

"Nililia. Hukuona."

Kalombo akamwomba Kassim asimame. Alishuka, akaenda kusimama kando ya boti, mikono juu ya chuma chenye joto. Hasira ilimjaa, lakini haikuwa ya nyumba. Nyumba alijua kuijenga. Alikuwa anamwona tena yule mtoto kwenye sakafu ya kituo, na baba yake na kibati chake, na watu wanasali, na safari hii alijua kwamba hakuna aliyewatazama. Alikuwa amepewa jibu la miaka thelathini, amelala nalo, amepiga mluzi kwa ajili yake, kumbe jibu lilitoka jikoni kwake na kulipiwa kitenge. Na aliyefanya hivyo ndiye mtu pekee ambaye Kalombo alikuwa amewahi kumsimulia habari za kituo kile. Alijua mahali panapomuuma, akapashika hapohapo.

Kassim alimfuata, akasimama mbali kidogo. "Papa, tugeuze?"

Kalombo alifikiri. Kule Kikula, wakati huo, mke wa mtu mwingine alikuwa anapika chini ya bati lake. Mara ya pili katika maisha yake watu wengine walikuwa ndani ya nyumba yao Likasi. Tofauti ni kwamba safari hii alikuwa ametoka kwa hiari yake, anaimba.

"Hapana," alisema. "Tuende."

Walifika Kilwa saa tisa alasiri. Ziwa lilikuwa pana na jeupe kwa mwanga, na Floribert alikuwa amekusanya ukoo, wavuvi, na kanisa zima na ngoma zake. Watu waliizunguka boti, wakaigonga, wakaipigia vigelegele. Kisha wakapisha njia, na mama yake Simone akaletwa, ameshikwa mkono na wanawake wawili. Alimkumbatia bintiye kwa muda mrefu, akimpapasa uso. Kalombo, kama inavyompasa mkwe, alibaki mbali, akainama na kupiga makofi ya heshima bila kumtazama usoni. Mama mkwe aliinua sauti ili yule mkwe asikie bila kusemeshwa.

"Niliomba nisikufe bila kuona mutoto wangu. Banasema Mungu aliita huyu baba kwa jina lake, akamuambia aje. Kumbe Mungu alinisikia minye, muzee wa jicho moja!" Akawa analia. "Atuambie, jamani. Nisikie ku mudomo wake."

"Ushuhuda! Ushuhuda!" walipaza watu. Floribert akanyamazisha ngoma.

Kalombo alimtazama Simone. Simone alikuwa anatazama mchanga, mkono wake bado ndani ya mkono wa mama yake. Alikuwa na hofu; mume alimjua vya kutosha kuiona. Sentensi moja tu ingetosha, naye alikuwa nayo tayari mdomoni tangu barabarani: muulizeni mwanenu, yeye ndiye aliyemtafuta huyo Mungu. Alitamani kuisema. Akamwona mama mzee amegeuza sikio lake upande wake, uso umefunguka wote, anangoja, kama wao walivyongoja kituoni.

Akasema. Alisema yote, na vizuri kuliko alivyosema Likasi. Alisema habari ya kituo, ya mdogo wake, ya kibati ambacho hakuna aliyekijua, na jinsi Bwana alivyotaja namba yake na umbo lake kupitia kinywa cha mtumishi wake. Alisema Mungu alikuwepo pale kituoni na aliwaona. Watu walipiga kelele, wengine wakapiga magoti. Mama mkwe aliinua mikono yote miwili. Simone peke yake hakuweza kuitikia amina. Alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Ngoma zilipoanza tena, alimfuata mumewe mpaka kwenye tela.

"Aksanti, Papa Hadassa," alisema kwa sauti ndogo.

"Usinipe aksanti," alisema Kalombo, akifungua fundo la kamba. "Ku Likasi nilidanganya bantu bila kujua. Leo nimedanganya ninajua. Na hawa bantu bako, nitawaambia vilevile kila mwaka, mpaka mama yako atalala ku kaburi. Kisha hatutakuwa na kitu ya kusema tena, minye na weye."

Akamwita Kassim aje washushe boti.