Vipimo kwa Sauti ya Marehemu

Mama Pindo, kama wateja walivyomwita, alishona huku simu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Enzi za uhai wake, mumewe ndiye aliyekwenda kuwapima wateja majumbani, na kwa kuwa mikono ya mkewe ilikuwa kwenye cherehani kutwa, vipimo alimtumia kwa ujumbe wa sauti. Alikuwa akikohoa kidogo kwanza, kisha, "Kiuno hiki, mke wangu, utepe umeniomba likizo." Halafu kicheko.

Maradhi yalimchukua upesi. Nguo zile zilivaliwa zikachakaa, ila sauti zilibaki simuni, na binti yao mdogo hakumeza tonge mpaka amsikie baba.

Kero ilikuwa simu yenyewe. Kila programu ilipotaka kitu, simu ilibisha hodi: hii inaomba kufungua mafaili yako, utairuhusu au utaikatalia? Tena ilibisha vidole vikiwa jirani na sindano. Akaipeleka kwa fundi simu, rafiki wa marehemu.

"Shemeji, hii ina maswali kuliko mama mkwe. Inyamazishe."

Fundi akacheka. "Nakuwekea programu ya ulinzi. Ukishakuwa na askari mlangoni, maswali ya nini?" Akaweka ngao ya kijani, kisha akapita programu zote, moja moja, akiziruhusu kila kitu.

Simu ikatulia kama maji ya mtungini. Hata Mama Pindo alipokubali tangazo la programu ya kusafisha iliyokuwemo simuni, lililosema simu imejaa, isafishwe, hakuna aliyebisha hodi. Fundi alikwisha kuiruhusu hata hiyo.

Asubuhi moja mtoto alimpandia mapajani na bakuli lake. "Mama, nataka baba."

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza ya chini yake, na ya chini yake tena. Vimstari vya sauti vilikuwepo, ndani hamna kitu. Juu, ngao ilisema: Simu yako iko salama.

Alipompelekea simu, fundi alitafuta japo sauti moja mpaka jasho likamtoka. "Ile ya kusafisha imezifuta, shemeji. Imeona ni za zamani, ikazihesabu takataka."

"Na askari wako?"

"Askari anamtafuta mwizi. Huyu hakuwa mwizi, alikuwa na ruhusa." Akaiweka simu taratibu. "Hukuweka nakala mahali?"

"Niweke wapi? Nilijua yupo humo."

Fundi akainamisha kichwa. "Kosa ni langu. Askari hajui wewe unapenda nini. Lile swali la simu lilikuwa linakuuliza wewe, na mimi nikalijibu kwa niaba yako."

"Yarudishe maswali yote," Mama Pindo akasema, wala hakupandisha sauti. Marehemu angemtania huyu rafiki yake mpaka amlize. Yeye hakuwa na utani.

Siku hizi simu ikibisha hodi, Mama Pindo husimamisha cherehani, akasoma neno kwa neno, ndipo ajibu. Hakuna kilichobaki cha kulindwa humo, lakini husoma.

Mtoto naye hajaacha kumtaka baba. Jana alisukuma bakuli kando. Mama akainama, akajaribu: "Kiuno hiki, mke wangu, utepe umeniomba likizo."

Mtoto akatikisa kichwa. "Sivyo. Baba anakohoa kwanza."

Mama Pindo akageukia ukutani kidogo, akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa. Kisha akakohoa.