Nilipeleka sodiamu ya shule kwenye ngoma ya mjomba kule Zagayu, nusura nimwaibishe

Mwangaluka wakuu. Wakubwa zangu shikamooni, wengine poleni na majukumu.

Hii imenikuta mimi mwenyewe, sijaisikia kwa jirani. Na sijaongeza chumvi, ingawa mwalimu wa kemia chumvi haimwishii.

Nafundisha sekondari moja ya kata huku Itilima, mkoani Simiyu. Ni mwanamke na nina mume, kwa hiyo wale wa kukimbilia PM tulieni msome.

Kwa wasiojua mambo ya Usukumani: pamba ikishavunwa, watu wanapumzika kwa ngoma. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, muda uleule, kila moja upande wake. Jaji hakuna. Watazamaji wakikuhama wakaenda upande wa pili, umeshindwa, kwisha habari.

Mjomba wangu wa Zagayu ni manju, yaani ndiye mtunzi na kiongozi wa kundi lao. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na mjomba ndiye aliyenilea mpaka nikashika chaki. Akiniita, naenda.

Mwaka huu akaniita. Nikamkuta kakaa peke yake, ngoma yake kubwa kaiegemeza ukutani. Misimu miwili mfululizo wapinzani wamemnyang'anya watu. Wana chatu wanayecheza naye, na sasa wameongeza spika kubwa kama kabati.

"Mwipwa," akaniambia, "wakinihama na safari hii, ngoma naitundika. Sitaigusa tena."

Mjomba huwa hatishii. Akisema, kasema. Nikamfikiria akiwa bila ngoma, anashinda kibarazani anahesabu kuku, na niseme ukweli, niliogopa.

Ndipo akatoa lililo moyoni. Binti yake yuko Form Three shuleni kwangu, na alikuwa amemsimulia habari za chuma kinachokatwa kwa kisu cha jikoni, ukikitupa kwenye maji kinakimbia.

"Hiyo dawa yako naitaka."

"Mjomba, si dawa, ni sodiamu. Ni mali ya shule, na ni hatari."

"Dawa gani isiyo hatari?"

Nikakataa. Akaninunia. Siku ya tatu mama yangu akapiga simu kuuliza kama kusoma kumenisahaulisha nilikotoka. Mnazijua simu za namna hiyo.

Nikaenda kwa mkuu wa shule nikamweleza yote, nikitegemea akatae nipate kisingizio. Akafikiri, akasema wazazi wengi wanawatisha watoto kuhusu sayansi, basi afadhali waione kwa macho. Niwapeleke Form Three kama maonyesho ya shule, ila sodiamu niishike mimi tu.

Kisingizio kikafia hapo.

Nisimame kidogo kwa ajili ya waliosoma arts. Lithiamu, sodiamu na potasiamu ni ndugu, tunaziita metali za alkali. Ni laini na nyepesi, zinaelea kwenye maji. Ukikata mojawapo inang'aa kama sufuria mpya, halafu muda si muda inafifia, kwa sababu imeshaanza kugombana na hewa. Ndiyo maana tunazitunza ndani ya mafuta.

Zikigusa maji zinatoa joto na gesi ya haidrojeni, na maji yenyewe yanabaki na ukali wa kuunguza ngozi. Na hasira inapanda kadiri unavyoshuka kwenye kundi lao, yaani safu yao kwenye jedwali la elementi: lithiamu inatoa mapovu taratibu, sodiamu inakimbia, potasiamu inawaka moto wa zambarau. Msijaribu nyumbani, tafadhali.

Siku ikafika, uwanja umejaa. Nimevaa miwani ya lab na koti jeupe, najiona mtu. Nikaweka karai la maji katikati, nikatia matone ya ile dawa ya lab inayogeuza maji kuwa pinki yakipata alkali. Nikawarudisha watu nyuma, mbali kabisa. Usalama kwanza.

Kosa langu lilikuwa hapo wakuu. Kipande chenyewe kilikuwa sawa na punje ya dengu. Darasani watoto wanaizunguka meza, wanaona. Uwanjani, mtu aliyesimama nyuma ya watu mia ataona nini?

Nikadondosha. Ikayeyuka ikawa kidonge, ikakimbia huku na huku ikilia shiii, ikiacha njia ya pinki nyuma yake. Ikaisha. Walioona ni mimi, Form Three na mjomba.

Walio nyuma wakanyoosha shingo.

Kisha sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, unaanza saa ngapi?"

Uwanja mzima ukacheka. Upande wa pili wakafungulia spika. Nikaanza kuona migongo ya watu, na nikatamani nami niyeyukie kwenye karai lile.

Nikamgeukia mjomba nimwombe radhi. Wala hakuwa na habari na watu. Alikuwa ameinama, anatazama yale maji ya pinki.

"Kwa nini kinakimbia?" akaniuliza.

Nikamjibu huku machozi yakinilenga. "Kina elektroni moja ya nje, mjomba. Iko mbali na kiini, haijashikwa vizuri, inaondoka kirahisi. Ya ndugu yake lithiamu iko karibu, ndiyo maana imetulia; ya potasiamu iko mbali zaidi, ndiyo maana ni kali zaidi, inawaka moto."

"Kama ng'ombe aliyefungwa mbali na nyumba."

"Hivyo hivyo."

Akaenda kwenye ngoma yake, akaipiga mara tatu. Akaimba Kisukuma, bila spika. Nawatafsiria ninavyoweza:

Ndugu watatu, kila mmoja na ng'ombe mmoja.
Lithiamu kamfunga mlangoni, mwizi anahangaika.
Sodiamu kamfunga nyuma ya nyumba, mwizi kamchukua, mwenyewe anakimbia ovyo.
Potasiamu kamfunga kule mtoni, mwizi hakutoa jasho, na nyumba imewaka moto!
Mwizi ni maji. Mlinzi ni mafuta.

Binti yake akaitikia, Form Three wote wakamfuata. Ile migongo ikageuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Sitawadanganya kwamba walirudi wote, chatu ni chatu. Ila mpaka jua linazama duara letu lilikuwa kubwa kuliko lao, na ngoma haikutundikwa.

Wiki tatu baadaye nikatoa mtihani: kwa nini potasiamu ni kali kuliko sodiamu? Swali hilo huwa linanipandisha presha kila mwaka. Nikiwa nasimamia, nikasikia mtu anauimba ule wimbo puani. Kisha wa pili. Kisha darasa zima, vichwa vimeinama, kalamu zinatembea. Sheria inasema ninyamazishe. Nikatoka nje nikasimama mlangoni, nikajifuta macho kwa khanga.

Wote walipata. Mmoja alichora pembeni ng'ombe mwenye kamba ndefu, nikaweka vema na hapo.

Nilichojifunza: nilikwenda kumwokoa mjomba kwa sodiamu yangu, kumbe yeye alihitaji tu kuelezwa jambo jipya. Kuimba anajua mwenyewe. Na mimi miaka yote nafundisha kundi hili, sikuwahi kumfikiria ng'ombe.

Walimu wenzangu, nanyi leteni mbinu zenu za kundi la pili, maana mjomba kapiga simu jana anauliza akina kalsiamu wana ng'ombe wangapi. Nikamwambia wawili wawili.

"Basi hao wana mali, mwipwa," akasema. "Hao tutawaimba polepole."