Maneno Matatu na Foleni ya Sukari

Mwalimu wetu wa Kiingereza alinipa maneno matatu: soon, immediately na at once. Jumatatu nisimame mbele ya Form Two nzima nieleze yanatofautianaje. Mimi ni mtu wa kuitikia rejista kwa sauti ndogo mpaka naandikwa mtoro.

Jumamosi mama akanituma dukani Mwisenge, tulisikia sukari inakuja. Kwetu foleni ya sukari hatuisimamiagi. Kila mtu anaweka jiwe lake kwenye mstari, halafu anakaa kivulini. Langu niliweka nyuma ya jiwe la mama mmoja muuza dagaa. Mwenye duka akawa anasema lori linafika sasa hivi. Yule mama akasema hiyo sasa hivi yake anaijua, juzi watu walirudi nyumbani mikono mitupu.

Lori liliposimama tu, wote tukainuka na kusukumana. Mgambo aliyekuwa akilinda duka akafoka turudi kwenye mstari mara moja. Kumbe jiwe langu limepigwa teke, na mahali pangu kasimama kaka mmoja na baiskeli yake. Nikaanza kwenda mwisho wa foleni kimyakimya, kama kawaida yangu. Mama wa dagaa akaniona.

"We binti, unataka jiwe ndiyo liongee?"

Watu wakacheka. Masikio yakaniwaka moto. Nikamgeukia yule kaka.

"Shikamoo. Hapo ni pangu."

Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Akaitikia marahaba huku anatabasamu, akarudisha baiskeli nyuma.

Jumatatu nilisimama, nikaangalia dirisha, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kuchechemea. Soon ni ya mwenye duka, lori halijaonekana bado. Immediately ni sisi tulivyoinuka liliposimama. At once ni mgambo akiamuru, hataki kusikia maneno. Darasa likacheka, ila kicheko hicho sikukiogopa, maana wote wanapangaga mawe. Mwalimu akanisahihisha kidogo, akasema hayo mawili ya mwisho mara nyingi hukaa mahali pamoja. Halafu akauliza, kwa Kiswahili, kama sukari ilibaki.

"Iliisha, mwalimu," nikasema, na hata wa dawati la nyuma walinisikia. "Ila leo wanasema kuna sabuni."