Siku Bi Mize Alipopiga Hodi Dukani

Nakumbuka siku moja, mwanangu Rukia, wewe hujaota hata jino, shangazi yangu Bi Mize aliingia nyumbani kwetu Mkunazini mikono mitupu, na mimi nikashindwa kuizuia sura yangu.

Najua nasaha ni kazi ya wenye mvi. Mimi sina mvi, na hasira zangu bado zina moto. Lakini nikingoja mpaka nizeeke nitakuwa nshasahau namna nilivyokuwa, nikuhadithie uongo mtamu kama wazee wengine, eti ujanani walikuwa wapole. Sikuwa mpole. Basi pokea haya kwa mama mwenye hasira, nayo yana manufaa yake.

Siku zile ulikuwa unamaliza mwezi wa sita na chakula kimekushinda. Uji wa kopo, ulitapika. Ndizi ya kuponda, ulitapika. Wali uliopondwa ukaufungia mdomo, ukanitazama kama mtu aliyekukosea. Kila nikikupeleka kliniki uzito umeteremka, na muuguzi ananitazama mimi, hakutazami wewe. Mama yangu, mtu wa mjini hasa, wa nyumba ambazo zamani zilikuwa na mashamba na leo zimebaki na majina tu, akaniambia: "Mtoto huyu mpe uwanga. Babako kakulia uwanga, na weye umekulia uwanga. Mngoje shangazi yako."

Uwanga, kwa wewe unayejua biskuti tu, ni unga mweupe laini unaopikiwa uji watoto na wagonjwa. Kwa babangu, Makunduchi, unaota wenyewe maweni, huko ambako jembe halipiti. Kiazi chake kinachimbwa kwa mtaimbo baina ya majabali, kinakunwa, kinaoshwa, maji yanamwagwa yanatiwa mengine, na mengine tena, mpaka uchungu utoke. Ukiufanyia haraka hauliki. Ule weupe unaotuama chini ndio unaoanikwa ukawa unga. Na kwetu ipo ada: mwanamke akizaa, mashangazi humletea uwanga wa mtoto, na uwanga wa mtoto wa ukoo hauuzwi. Mgeni muuzie, jirani muuzie ukipenda. Mtoto wa ukoo hupewa.

Sasa fikiria mimi, nimekupakata, mwepesi kama kanga ilokauka, na Bi Mize kaingia bila hata kikapu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Si huyo unamwona. Uwanga uko wapi?"

Hata chai sijamtilia. Mama akanikata jicho. Bi Mize akakaa mkekani taratibu, maana magoti yalikuwa yakimsumbua, akajitengeneza kanga yake, ndipo akasema:

"Msimu huu nimeupeleka wote Shangani, kwa wale wenye duka la vyakula vya asili. Waliutaka wote. Nilidhani utabaki wa mtoto, haukubaki. Nimekuja nikwambie mwenyewe, usije ukayasikia kwa watu."

Duka lile nilikuwa nalijua, mwanangu, na sikufichi: nikilichukia na nikilipenda. Ni nyumba ya zamani iliyopakwa chokaa upya, ikatiwa mlango wa kioo. Ndani kuna baridi ya mashine na harufu ya mchaichai. Mdalasini umefungwa kwa ukili kama umepambwa kwenda harusini. Mafuta ya nazi, haya haya tunayojipaka kichwani, yamebandikwa karatasi ya Kiingereza inayosema hayakutiwa dawa. Nani kwetu aliwahi kutia dawa mafuta ya nazi? Nilikuwa nikiingia mle naranda, nanunua sabuni moja ya mwani, natoka nahisi nimeibiwa, na huku nnanusa mkono wangu mpaka nafika nyumbani. Mle hapana anayekupiga kikumbo. Hapana anayekufichia nyanya mbovu chini ya nzima kama sokoni Darajani. Na vitu vyenyewe ni vizuri; lau vingekuwa vibaya ningepumzika. Lililoniuma ni kuviona vitu nilivyokua navyo vimekaa juu ya rafu, vinanitazama kama havinijui.

Kwa hiyo Bi Mize alipolitaja duka lile, nilipasuka.

"Yaani watalii ndio wanywe uji wa mwanangu? Shangazi, mkono mtupu haulambwi. Umekuja kutulambisha nini?"

"We Asya," mama akasema. "Adabu."

"Muache," akasema Bi Mize. "Umemaliza?"

"Sijamaliza. Mwacha asili ni mtumwa."

"Haya. Sasa umemaliza. Vaa buibui, mchukue na mtoto, twende."

"Twende wapi?"

"Dukani kwao. Tangu nianze kuwapelekea napita mlango wa nyuma, ananipokea bwana mmoja wa mizani. Wa mbele sijaingia. Nataka nikaone uwanga wangu unakaaje."

Tukatoka. Nilikuwa nimekubeba begani na kila hatua naongeza maneno kichwani ya kwenda kuwatupia. Tulipofika kwenye mlango wa kioo, nikanyoosha mkono nisukume. Bi Mize akanishika. Akavua ndala zake, akaziweka sawasawa ukutani, akajifunika vizuri, akaita:

"Hodi."

Ndani mlikuwa na Wazungu wawili na msichana mmoja aliyevaa aproni. Hapana aliyegeuka.

"Shangazi, duka hili. Haipigwi hodi. Unasukuma unaingia."

"Nyumba ya watu hii. Hodi."

Kimya. Mtu mmoja akapita njiani akatutazama. Ukaanza kulia, kile kilio chako cha siku zile, kidogo kama cha paka.

"Shangazi, mtoto ana njaa."

"Nasikia. Hodi ya tatu isipojibiwa tunarudi. Ndivyo tulivyofunzwa na ndivyo ulivyofunzwa."

Na nilimjua. Angerudi kweli. Angenigeuza pale pale mlangoni, mimi na mwanangu na njaa yake, kwa sababu ya karibu moja isiyosemwa. Nilitamani nikivunje kile kioo. Bi Mize akavuta pumzi, akaita mara ya mwisho, wala hakupandisha sauti.

Yule msichana akainua kichwa. Sijui alisikia hodi au alisikia bibi yake mwenyewe ndani ya sauti ile. Alikuja mbio mpaka mlangoni, akafungua, na Kiingereza chake chote akakiacha kwenye kaunta.

"Karibu, bibi. Shikamoo. Karibuni ndani."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi weye?"

"Wa Kikwajuni."

"Tumekaribia," akasema Bi Mize, akaingia miguu mitupu juu ya saruji ile baridi.

Uwanga tuliukuta karibu na mchele wa kahawia. Mifuko midogo ya khaki, kila mmoja una kidirisha mbele uone weupe wake. Bi Mize akautia mkononi mfuko mmoja, akaugeuza, akaunusa. Akatabasamu kama mtu aliyemkuta mwanawe kavalishwa nguo za sikukuu na watu wengine. Mimi nikasoma bei. Mwanangu, hasira zikanipanda. Nikamgeukia msichana yule wa Kikwajuni.

"Hamuoni haya nyinyi? Mnamchukulia mwanamke wa watu jasho lake kwa bei ya chumvi, mnalifunga utepe mnaliuza kama dhahabu. Wezi wakubwa."

"Dada, miye nauza tu," akasema, na macho yakamjaa.

"Asya. Nyamaza."

Hakusema kwa ukali. Laiti angelisema kwa ukali.

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huyu anauza, na mimi nimeuza. Ukimwita yeye mwizi, niite na mimi. Sasa nijibu. Miaka yote niliyokuwa nikiwaletea, mlikuwa mkinipa nini?"

"Tulikuwa tukikukaribisha, shangazi."

"Mlikuwa mkinikaribisha, kweli. Nikila, nikilala, nikirudi kwangu. Sisemi mlinifanyia ubaya. Lakini hapana hata mmoja wenu aliyewahi kuufunua mkono huu akautazama."

Akaufunua. Kiganja kilikuwa na michubuko ya zamani na mipya, kucha moja imekufa, ngozi imeng'oka baina ya vidole kwa yale maji ya kuoshea. Nilikuwa nimeubusu mkono ule tangu mdogo, kila akija, kila akiondoka. Nilikuwa nikiubusu kwa juu.

"Yule bwana wa mizani, siku ya kwanza, kaniuliza: bi mkubwa, kazi hii haikuumizi? Nikarudi Makunduchi nikalia. Si kwa maumivu. Kwa kuwa kaniuliza mtu baki, asiye wa ukoo. Na kwa fedha yao nimeezeka bati, mvua hainifuati tena kitandani. Nikatae?"

Unanijua, mdomo wangu haukubali kushindwa mara moja.

"Na bado wanakupunja, shangazi."

"Wananipunja. Mimi si mjinga. Msimu ujao nitawaambia, na weye mwenye Kiingereza cha skuli utakuja tuseme pamoja. Lakini tutasema na mwenye duka, tena kwa adabu. Si na mtoto huyu anayepangusa rafu. Hasira yako ina mwenyewe, Asya, mpelekee mwenyewe. Haya, mtake radhi."

Nikamtaka radhi. Jina lake Saumu. Akasema hapana neno, dada, akajifuta macho kwa aproni.

Nikauchukua mfuko wa uwanga nikauweka kwenye kaunta, nikafungua pochi yangu. Bi Mize akausukuma mkono wangu. Akaanza kufungua fundo la pindo la kanga yake, kwa meno, maana lilikuwa limekaza.

"Shangazi, utanunuaje uwanga wako mwenyewe?"

"Si wangu. Nshauuza, wao huu. Uwanga wa mtoto wa ukoo hauuzwi, na mimi simuuzii. Nampa."

Mwanangu, watu wengine hujifunza mambo makubwa misikitini na vyuoni. Mimi nilijifunza pale, mbele ya mashine ya kuhesabia fedha, nikimtazama mwanamke anazitoa noti zake zilizokunjwa mpaka zikawa kama vipande vya karafuu, ananunua kwa bei ya watalii kitu alichokichimba kwa mikono yake, asivunje ada. Nyuma yetu alisimama mama mmoja wa Kizungu na kikapu chake. Nilitaka kumchukia. Lakini alikuwa amesogea kando kumpisha shangazi, akangoja kwa utulivu kuliko mimi, nami nikakosa pa kumshikia.

"Na nyongeza yangu?" Bi Mize akamuuliza Saumu.

"Bibi, hapa hapana nyongeza. Bei moja tu."

"Duka lisilo nyongeza lina baraka gani? Ndiyo maana halina watu."

Saumu akacheka kwa mara ya kwanza. Akainama chini ya kaunta, akatoa mdalasini mmoja uliovunjika.

"Huu hauuziki, bibi. Chukua."

"Hapo sawa. Kumbe watu nyinyi."

Tulirudi nyumbani. Bi Mize aliupika uji mwenyewe, anakoroga bila ya kuacha mpaka ukang'aa, akautia ule mdalasini, akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki hadi kile. Akakupakata akakulisha kwa kidole. Ulimeza. Sote tukakukodolea macho, tunangoja uji urudi. Haukurudi. Ukafungua mdomo tena, na mama yangu, mtu wa mjini asiyependa kulia mbele ya watu, akainuka akaenda kufunga dirisha lililokuwa limeshafungwa.

Msimu uliofuata tulikwenda kwa mwenye duka, Bi Mize na mimi. Niliongea kwa adabu mpaka taya zikaniuma. Bei aliipandisha, si kama tulivyotaka, lakini aliipandisha, na Bi Mize akamwambia kuwa sehemu moja haitofika dukani, ni ya watoto wa ukoo. Mpaka leo nikipita Shangani huingia. Saumu hunisalimia. Nami hununua sabuni yangu moja. Na mpaka leo nikizisoma bei zile roho hunichafuka, wala sikusudii kuizoesha isichafuke.

Juzi ulinivuta buibui pale mlangoni ukaniambia, mama, tusiingie, hapa si petu. Sikukujibu, kwa kuwa jibu lake ni refu, na ndilo hili.

Mwanangu, nyumba yoyote inayouza jasho la bibi yako ni pako pia. Ingia kichwa kimenyooka, usiingie kwa kunyenyekea, lakini usitoke ukidhani umekuwa mtu zaidi ya wale wa Darajani kwa sababu umebeba mfuko wenye utepe. Kizuri kipende, hata kama kimekaa pabaya. Anayekununulia kwa haki mshukuru, anayekupunja mwambie, na ujue yupi ni yupi kabla ya kufungua mdomo, maana mnyonge ndiye huwa karibu na ngumi zetu siku zote. Na la kuzidi yote: ukipewa kitu bure na mtu anayekupenda, usikipokee kama maji ya mvua. Bure haipo. Ipo gharama iliyobebwa na mwingine kwa ajili yako, akanyamaza. Muulize imemuuma wapi. Usimwachie mtu baki akutangulie kuuliza.

Mwenyezi Mungu akukuze, akupe mwili wenye afya na riziki ya halali, na moyo wa kuwaona wanaokulisha. Amzidishie Bi Mize umri na nguvu za magoti. Akujaalie na ulimi wenye adabu kuliko wangu, lakini hasira asikunyime yote; akuachie kidogo, ya kutosha kumdaia mwenzio haki yake. Amin.