Mnazi wa Kisimani

Ukitaka kumkasirisha Bi Mwanawema wa Ole, panda mti wa kudumu kwenye shamba la kuazima. Mwenyewe aliwakalisha kitako wanawake wa kikundi chake akawafunda: ardhi ya watu limeni muhogo, pandeni bamia na mchicha, lakini mti msitie, maana mwenye mti hakosi madai. Alisema hayo bila kuitazama pembe ya kisimani.

Pale palikuwa na mnazi, na aliupanda yeye.

Bintiye Nusaiba alipojifungua, na kitovu cha mtoto kikadondoka, bibi alikizika na kupanda mnazi juu yake, kama alivyopandiwa yeye na mamake. Uwanja wake ni jiwe tupu, haukubali shimo. Akavuka uzio wa shamba la watu na furaha zake, asifikiri. Kichanga chenyewe, Ummkulthum, homa ikamchukua kabla hajatambaa, akazikwa kwa babake huko Wingwi. Bibi akabaki na mnazi. Kila asubuhi aliumwagilia maji na kuuuliza, kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu, umeamkaje?" Waliomsikia walijitia hawakusikia.

Kikundi kilitaka kibali cha bustani ya pamoja kwenye shamba hilo, wajane wapate mboga za kula na za kuuza. Walizungushwa weee, leo ramani, kesho maji ya kisima hayajapimwa. Mwishowe afisa mipango, Hafidh, akaja na mwenye shamba, Suud. Kilichobaki ni ridhaa ya Suud tu.

Suud alizunguka shamba zima akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kisimani akasimama.

"Bi Mwanawema, mnazi huu wa nani?"

"Wa mjukuu wangu."

Suud akavua kofia. Mazishini alikuwepo. "Miye nakuamini, Bi. Lakini n'na ndugu zangu, nao wana watoto wao. Kesho keshokutwa mnazi huu utatupeleka mahakamani. Mnazi ukiondoka, naridhia leo hii."

Hafidh aliinamisha uso. "Asiporidhia mwenyewe, kibali hakitoki."

"Tuuhamishe basi," alisema Mize, jirani wa Bi Mwanawema.

"Uhamie wapi, Mize? Kitovu ki hapa."

Laiti wenziwe wa kikundi waliosimama pale wangemshurutisha, angepata wa kumkasirikia. Walimtazama tu, na kila mmoja alikuwa na watoto wanaosubiri kula. Akaomba jembe, akakataa kusaidiwa. Mizizi ilikuwa imekwenda mbali kuliko alivyodhani. Kila alipoikata alisema, "Nisamehe, mke mwenzangu," mpaka sauti ikamkauka.

Kibali kilitoka. Siku hizi bustani imejaa, na mchicha wa pembe ya kisimani ndio ulioshika kuliko wote. Bi Mwanawema huupalilia, huuchuma, huwagawia wenziwe. Yeye hajautia kinywani hata siku moja.