Chale Tatu za Abdul-Karim

Abdul-Karim alichanjwa uso akiwa na miaka sita, na aliyemchanja hakuwa mtu baki. Alikuwa bibi yake mzaa baba, haboba kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Wajomba wawili walimkalia miguu, wa tatu akambana kichwa katikati ya magoti, na bibi akapitisha wembe: mara tatu shavu la kulia, mara tatu la kushoto. Halafu akapaka masizi juu ya damu. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

"Lia, mwanangu, lia umalize leo," bibi alimwambia. "Kuanzia sasa, popote utakapokwenda, watu wako watakujua."

Walimjua kweli. Shida ni kwamba hata wasio watu wake walimjua.

Serikali ya wanajeshi ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa, Wanubi walisakwa nyumba kwa nyumba, kwa hesabu kwamba kila Mnubi alikula na wakubwa. Sasa niambie, mtu aliyeshinda maisha yake yote amelala chini ya magari, oili ikimdondokea machoni, amekula na nani? Lakini ni nani alikuwa na subira ya kuuliza? Waliangalia mashavu tu. Kaka yake Marjan alishushwa kwenye basi pale Luzira, akapigwa mawe mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kwenda kuuchukua mwili mpaka siku ya tatu. Abdul-Karim mwenyewe alikaa siku nne ndani ya shimo la gereji, lile mafundi wanalosimama kukagua gari kwa chini, gari bovu likiwa limeegeshwa juu yake. Alikunywa maji ya rejeta. Aliwasikia wakipita, wakicheka, wakiuliza kama kuna Mnubi.

Alipotoka shimoni alijiwekea sheria moja tu: kukaa panapojulikana. Kisugu mtaani alikozaliwa, Bukoto kwa dada yake, Bombo kwenye mazishi ya ndugu, basi. Vita vingine vikaja, vikaisha mwaka wa themanini na sita, na yeye bado yuko Kisugu na spana yake. "Hapa wananijua," alikuwa akisema, na alilisema neno hilo kama watu wengine wanavyovaa hirizi.

Mwaka wa themanini na tisa sheria hiyo ikapata mtihani. Mwenye kiwanja cha gereji alikufa, warithi wakakiuza, na mafundi wakapewa mwezi mmoja wahame. Mwenzake Khisa, Mbukusu wa Bungoma, mchomeleaji wa vyuma mwenye mikono minene na mdomo usiopumzika, alisema yeye atarudi zake Kenya akalime miwa. Abdul-Karim hakuwa na Kenya ya kurudi.

Katika mwezi huohuo akaja mama mmoja wa Kiganda, amevaa gomesi, gauni refu la kwao, iliyopauka, amebeba pistoni iliyopasuka ndani ya jani la mgomba kama anayebeba mtoto. Aliitwa Nalwoga. Alikuwa na mashine ya kukoboa kahawa kule Semuto, na injini yake ilikuwa imewashinda mafundi watatu. Alizungumza Kiganda kitupu. Khisa alipomjibu kwa Kiswahili, mama aligeuza uso kama mtu aliyetemewa mate, wala Khisa hakushangaa, maana kwa wengi wa huko Kiswahili kilikuwa kimekuja na mtutu wa bunduki. Abdul-Karim, mzaliwa wa Kisugu, alimjibu kwa Kiganda safi. Akaichukua ile pistoni, akaigeuza mara moja, akamwambia kosa liko kwenye pampu ya oili, na kwamba hata akinunua kumi mpya zitapasuka zote.

Mama akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema: njoo Semuto. Nyumba ipo, ina mabati. Mshahara kila mwezi. Na kipande cha shamba cha kulima mke wako.

Bombo Abdul-Karim alikujua, lakini Semuto ni mbele huko, ndani kabisa, kule wanajeshi walikomaliza vijiji vizima katika vita vilivyoisha themanini na sita. Miaka ile mafuvu yalikuwa yamepangwa juu ya meza kando ya barabara, mamia kwa mamia, ili wapita njia wasisahau. Na watu wa kule walikuwa wakisema wazi kwamba wakimwona mtu wa kaskazini, au Mnubi, au yeyote anayefanana na askari, panga litaamka lenyewe.

"Nyabo," alimwambia kwa heshima, kama kusema mama, "umeniangalia vizuri usoni?"

"Nimekuangalia," mama alijibu. "Ijumaa lori litapita. Ukiwa tayari utapanda. Usipokuwa tayari, nitatafuta mwingine."

Nyumbani vita vikaanza. Mkewe Zulaika alikuwa mfumaji wa nyungo za rangi, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa sindano.

"Baba Nabila, mwezi ukiisha tutakula nini? Shimo la gereji?"

"Unataka nikachinjwe porini, uje uniokote mezani na wenzangu?"

"Kufa utakufa tu. Afadhali ufe umeshiba."

"Hapa wananijua, Zulaika!"

"Kaka yako hawakumjua?"

Alinyanyua mkono ampige. Miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi. Mkono ukabaki hewani, na binti yao Nabila akiwa mlangoni ameshika ndoo, anatazama. Akaushusha. Usiku kucha hakulala, na asubuhi alisema hendi, na neno lake ni hilo.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Saa nne ya asubuhi yuko chini ya gari aina ya pikapu, anafungua nati iliyoshika kutu, akasikia kelele kutoka sokoni: "Mubbi! Mubbi!" Mwizi! Kijana mmoja alikuwa amechomoa redio kwenye kibanda, na soko lote liko nyuma yake. Akakatiza ndani ya gereji. Abdul-Karim akachomoka chini ya gari aone kuna nini, uso umejaa oili, spana kubwa mkononi.

Kosa lake lilikuwa hilo tu, kusimama na spana mkononi. Kijana alijikwaa miguuni pake, wakaanguka pamoja. Watu walipoingia walikuta wawili chini, na mmoja ana chale.

"Ni wawili! Huyo ni mwenzake! Muangalie uso!"

Aliyepiga kelele hizo ni Ochola, muuza nyama wa pale kona, ambaye pikipiki yake ilikuwa imetengenezwa kwa mikono ya Abdul-Karim huyohuyo wiki iliyopita. Simzulii, watu wote walimsikia.

Kijana walimuua. Walimpiga matofali mpaka kichwa kikapoteza umbo, na alipoacha kutikisika walizidi kumpiga, kama watu waliosahau wanachokifanya. Abdul-Karim aliona yote kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa limekwisha kufumba. Yeye walimpiga kwa kuni, wakampiga kwa spana yake mwenyewe. Meno mawili yakatoka. Ubavu ukalia kama kijiti kinachovunjwa. Alikuwa akipiga kelele kwa Kiganda, "Ni mimi! Ni mimi, Karim wa gereji!" na mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuzia ndizi kila Ijumaa akamjibu kwa kumrushia tofali.

Tairi lilikuwa linakuja. Alimwona mtu akilivingirisha kutoka kwenye rundo la gereji yenyewe, na mwingine amekamata dumu la petroli.

Khisa ndiye aliyemuokoa. Alivuta mnyororo wa kuinulia injini, akaingia katikati ya watu akiuzungusha juu ya kichwa, na wa kwanza kuupata alikuwa yule wa dumu. Mkono wake ukavunjika, dumu likamwagika. Khisa akawasha njiti ya kiberiti, akaishika juu ya petroli iliyotapakaa miguuni mwao wote.

"Njooni!" alinguruma. "Njoo basi, mbwa nyinyi! Tuchomeke wote, na mimi ndani! Nani wa kwanza?"

Watu wakakimbia, na njiti ikamalizikia kwenye vidole vyake bila yeye kuitupa.

Jioni ile Ochola alikuja nyumbani kwa Abdul-Karim, amefunga kilo ya maini kwenye gazeti. Akasimama mlangoni, macho chini.

"Bambi, ssebo, samahani sana, bwana. Sisi hapana jua kama ni wewe. Damu ilikuwa ya moto tu."

Zulaika alipokea maini kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kisha akamtandika nayo usoni, yakampasukia shavuni. "Sasa na wewe una alama," alimwambia. "Toka!"

Abdul-Karim alisikia yote akiwa kitandani. Ubavu ulimchoma kila alipovuta pumzi, lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa lile neno la Ochola. Hatukujua ni wewe. Miaka arobaini na mitatu ya Kisugu! Sheria yake ilikuwa imevunjikia mlangoni kwake mwenyewe, na sasa hakubakiwa na sababu ya kukaa. Lakini woga wa Semuto nao haukupungua hata chembe. Kama majirani wamemfanyia hivi, wasiomjua watamfanyia nini?

Alhamisi alijikongoja mpaka gereji. Khisa alikuwa akifunga vifaa vyake kwa ajili ya safari.

"Nitaenda," Abdul-Karim alimwambia. "Lakini siendi na uso huu."

Khisa alidhani ni maneno ya maumivu, akaendelea kukusanya vyuma. Hakumwona mwenzake akimimina asidi ya betri kwenye kitambaa. Alichosikia ni mlio, na mlio huo, hadi leo ukimuuliza Khisa, atakuambia hakuwahi kusikia hata ng'ombe akichinjwa akalia vile. Abdul-Karim alikuwa amepiga magoti, amekandamiza kitambaa shavu la kulia, na hakiachii. Ngozi ilikuwa inanuka. Khisa akamng'oa kitambaa kwa nguvu, akamtumbukiza kichwa kwenye pipa la maji, akamwinua, akamtumbukiza tena.

"Umerukwa na akili, ndugu yangu? Abdu! Umefanya nini?"

"Bado la kushoto," alisema Abdul-Karim, akikipapasia kitambaa sakafuni. "Niachie. Bado moja."

Zulaika alipofika alikuta Khisa amemlalia juu kama anayemzuia mwehu. Hakulia. Alikaa chini kwenye oili, akakipakata kile kichwa, akatazama pale ambapo mistari mitatu ilikuwa asubuhi. Palikuwa nyama nyekundu tupu.

"Wale waliokupiga Jumanne walikuacha na uso," alisema. "Wewe umekuja kuwamalizia kazi."

Hapo ndipo Abdul-Karim alipolia, na machozi ya chumvi yakaingia kwenye kidonda, akalia zaidi.

Ijumaa lori lilikuja kabla ya saa sita, Khisa akiwa amekuja kuwaaga. Vitu vyao vilikuwa vichache: magodoro, sanduku la spana, nyungo za Zulaika zilizofungwa pamoja. Abdul-Karim alisimama kando ya barabara na shavu limefungwa kitambaa cheupe, bado hajui kama anapanda au anabaki. Mguu mmoja ulitaka, mwingine ulikataa.

Nalwoga alishuka. Akaona jicho lililovimba, akaona kitambaa, akakiinua ukingo bila kuomba ruhusa, kama mama anavyofanya.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Jicho ni watu. Hili ni mimi mwenyewe, nyabo. Nilitaka watu wako wa Semuto wasije wakaniona na kukumbuka."

Lori lilikuwa linanguruma, dereva hataki kulizima. Kisha Nalwoga akafanya jambo ambalo Khisa hakulitegemea: akaongea Kiswahili. Kilikuwa kidogo, kimevunjika, kila neno analitoa kama anayetoa mwiba.

"Mimi najua Kiswahili ya askari. Lala chini. Toa. Nyamaza. Hiyo ndiyo walinifundisha." Akainua vidole vitatu. "Watoto yangu watatu. Wamekata wao mbele yangu, na mimi nimeshikwa kichwa, nimeambiwa tazama. Nimetazama. Sura ya hao askari naijua mpaka nikufe."

Abdul-Karim akashika ubao wa lori.

"Uso yao ilikuwa safi," alisema Nalwoga. "Yote. Safi, hakuna alama hata moja. Siku nimeingia hapa na pistoni, nimeona alama yako, moyo yangu ikatulia. Nikasema, huyu hakuwa pale."

Alikirudisha kitambaa polepole juu ya nyama ile nyekundu, akakikaza vizuri. Zulaika aliyekuwa ameketi juu ya magodoro na Nabila aligeuka akaangalia upande wa pili. Khisa akasema neno kwa Kibukusu ambalo hakuna aliyelielewa, akambeba rafiki yake kwapani na kumfikisha mlangoni pa lori, maana kwa ubavu ule hakuweza kupanda peke yake.

Nalwoga ndiye aliyekuwa na kiti cha dirishani, kwa umri wake na kwa kuwa lori ni lake. Alipopanda akasogea katikati, karibu na dereva, akapigapiga kwa mkono mahali alipotoka. Pale, kwenye dirisha la kushoto, lile shavu lililobaki lingetazama nje njia nzima.

"Kaa hapa," alimwambia. "Tukifika, watu wakuone."