Mpishi na Kozi ya Mikono Mitupu

Watu wakisikia mwanajeshi wanafikiria bunduki. Hakuna anayefikiria sufuria. Lakini kikosi cha watu mia tano kinakula asubuhi, kinakula mchana, kinakula jioni, na lazima awepo mtu wa kuamka kabla ya wenzake akawashe jiko. Katika kikosi kimoja mtu huyo alikuwa koplo mpana wa mabega, mpole, aliyeitwa Mwiko. Jina lake halisi lilibaki kwenye makaratasi tu. Alikuwa amepika miaka kumi na saba, na viganja vyake vilikomaa hata akawa anashika mfuniko wa moto bila kitambaa huku anakuhadithia habari za jana.

Nilimjua kwa sababu nilikuwa nashona magodoro ya ukumbi wa mazoezi, yale ya turubai yanayotandikwa chini ili watu waangushane. Yalikuwa yanachanika kila wiki. Ukikaa pembeni na sindano yako unaona mengi, maana hakuna anayemwangalia fundi.

Mwaka ule ilikuja barua kwamba jiko la kikosi litaendeshwa na kampuni ya raia. Wapishi wote wa jeshi walipewa miezi minne: mwenye ujuzi mwingine ahamishiwe huko, asiye nao aende nyumbani. Wenzake Mwiko walinung'unika siku mbili tatu, wakaanza kutafuta mashamba na vibanda vya biashara. Yeye hakuweza. Mke wake alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki alilazwa karibu na mashine ya hospitali ya jeshi, damu inatoka mkono huu, inasafishwa, inarudi. Alipata nafasi hiyo kwa kadi iliyoandikwa kwamba ni mke wa askari. Askari akitoka, kadi inarudishwa. Mashine ya raia ilikuwa moja tu, mji mwingine, na orodha ya wanaoisubiri ilikuwa ndefu kuliko umri uliombakia mama yule. Daktari alishawaambia wote wawili, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi.

Mwiko akaenda kwa madereva, wakamwambia wamejaa. Akaenda stoo, hivyo hivyo. Nafasi iliyokuwa wazi kikosi kizima ilikuwa ya mkufunzi msaidizi wa mapigano ya mikono mitupu.

Kila askari hufundishwa kidogo mambo hayo akiwa kuruta: kuanguka, kujikwamua akishikwa, kumwangusha mtu. Anayetaka zaidi huandika barua kwa kamanda wake, daktari humpima, kisha hupelekwa kozi ya wiki saba yenye mtihani mwishoni. Akifaulu hupewa cheti, anarudi kikosini kuwafundisha wengine. Wanaoomba huwa ni vijana wa doria wenye shingo kama kisiki. Mwiko alikuwa na miaka arobaini na kitambi cha kuonja mchuzi.

Kamanda aliisoma barua mara mbili.

"Mwiko, unataka kupigana na nani? Na maharage?"

"Na yeyote nitakayepewa, afande."

"Utaumia."

"Nitaumia, afande."

Kamanda akaacha kucheka, akatia sahihi.

Wiki ya kwanza hawakufundishwa hata ngumi moja. Walifundishwa kuanguka. Mbele, nyuma, ubavu, asubuhi mpaka mchana, mpaka vumbi la magodoro yangu likawa linaingia kooni. Ya pili, kushikana na kuangushana. Ya tatu na ya nne, kukaba koo na kukunja viungo. Halafu fimbo, halafu kisu, kisu cha mpira lakini. Na kabla ya yote hayo, sajenti mkufunzi aliwapa sheria moja, mtu mfupi yule, masikio yamekunjamana kwa kusuguliwa.

"Mwenzako akikugonga mara mbili, au akigonga godoro mara mbili, unaachia. Hungoji mimi niseme. Hungoji mbingu ziseme. Unaachia saa hiyo hiyo. Asiyeweza kuachia sitampa watu awafundishe."

Mwiko alipangwa na askari wa mawasiliano, mrefu, mwembamba, ndiyo maana walimwita Antena. Antena alikuwa hodari na mdomo wake haukuwa na breki.

"Kaka, leo umenuka vitunguu tena. Ukinikaba nashikwa na njaa, nashindwa kujitetea."

"Jitetee kwanza, utakula baadaye."

Kumbe kila jioni Antena alibaki nyuma nusu saa akimrudisha Mwiko kwenye yale aliyokosea, polepole, mguu hapa, nyonga pale. Mwiko akitoka hapo anafunga mbavu kwa kitambaa, anakimbia hospitali kukaa na mkewe. Akimkuta amelala anakaa tu. Nilimwona wiki ya tano ameegemea ukuta wa ukumbi, amefumba macho, anahema kwa mdomo. Nikamuuliza, ndugu yangu, utaweza? Akasema, "Fundi, usiniulize swali hilo. Niulize lingine." Sikuwa na lingine.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Mwiko alipita kuanguka, alipita kukaba, akabakiza kisu. Kazi yenyewe ni hii: mwenzako anakuja na kisu cha mpira, unamnyang'anya, unamlaza, unamshikilia mpaka sajenti aseme basi. Antena akaja kwa kasi. Mwiko akaudaka mkono, akauzungusha, kisu hiki hapa kiganjani mwake, Antena yuko magotini. Safi kabisa. Antena, kama anavyotakiwa kufanya mshambuliaji, akanyoosha mkono kukitafuta kisu chake.

Jikoni kuna adabu ya kisu. Mtu akinyoosha mkono, unashika upande wa makali, unampa mpini. Mwiko aliwafundisha wasaidizi wake hivyo miaka kumi na saba, na aliyekosea alipigwa mwiko kwenye vidole. Basi Mwiko akakigeuza kisu, akashika makali, akampa Antena mpini.

"Asante," akasema Antena, bila kufikiri. Kisha akamchoma nacho tumboni.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hata mimi nilicheka, na leo ninavyoandika nasikia aibu.

"Umekufa, koplo," sajenti akasema. "Una mara moja nyingine, wenzako wakimaliza. Ukikosa, rudi jikoni."

Jiko lenyewe lilibaki na wiki mbili.

Akakaa kwenye benchi karibu na cherehani yangu, mikono kwenye magoti. Antena akaja akachuchumaa mbele yake.

"Kaka, safari hii nitakuja polepole."

"Usije polepole. Wataona."

"Basi nitakuja kawaida. Wewe kitupe hicho kisu. Kitupe mbali."

Zamu yake ilifika. Antena akaja kawaida, yaani kwa nguvu. Mwiko akamnyang'anya kisu, akakitupa mpaka ukutani, akaukamata mkono uliobaki mtupu, akamlaza kifudifudi, akaubana mkono kiwiko juu. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini wakati huo kapteni alikuwa ameingia mlangoni na karatasi, na sajenti aligeuka kumjibu. Neno basi halikusemwa.

Antena akagonga godoro mara mbili.

Nilisikia. Turubai nililolishona mwenyewe lina mlio wake, mzito. Akagonga tena mara mbili. Mwiko alikuwa ameuinua uso kumtazama sajenti mgongoni, anangoja neno, amekaza mwili mzima kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe. Akagonga mara ya tatu. Kisha kiwiko kikalia.

Sajenti akageuka. Antena hakupiga kelele, alikuwa amegeuka rangi ya majivu, jasho linamtiririka. Sajenti akapiga goti pembeni yake.

"Uligonga?"

Antena hakumwangalia sajenti. Alimwangalia Mwiko, tena kwa muda mrefu.

"Sikuwahi, afande. Niliteleza."

"Koplo. Aligonga?"

Nilifikiri atasema. Midomo ilifunguka. Saa ile mkewe alikuwa kwenye mashine, ng'ambo ya uwanja, chumba cha pili kulia.

"Sikusikia, afande."

Sajenti akazungusha macho ukumbini. Wengi walikuwa mbali, wengine walikuwa wanafunga kamba za viatu. Mimi sikuulizwa, na mimi sikusema.

Akapewa cheti. Kadi ikabaki. Antena alitiwa plasta, akafanyiwa upasuaji, akafanyishwa mazoezi ya kunyoosha mkono, lakini ule mkono haukunyooka tena. Baada ya miezi sita bodi ya madaktari ikaandika kwamba hafai kwa kazi ya jeshi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi nyingine hakujifunza.

Mwiko ndiye aliyembebea sanduku mpaka getini. Nilikuwa njiani natoka, nikatembea nao.

"Sasa nitasalimia watu kwa kona," Antena akasema, akaonyesha mkono uliopinda. Hakuna aliyecheka. "Shemeji anaendeleaje?"

"Yuko hai."

"Hiyo ndiyo habari," akasema, akapanda gari.

Mwiko hakurudi ukumbini siku ile. Alikwenda moja kwa moja hospitali, akavuta kiti karibu na kitanda, akamwambia mkewe yote. Kugonga mara mbili, na mbili, na mbili. Neno alilolingoja na neno alilosema. Sanduku. Alinieleza haya mwenyewe baadaye, ameketi kwenye godoro ninaloshona, akiongea kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Mipira ya damu ilikuwa imepita juu ya shuka, mmoja unakwenda, mmoja unarudi.

"Usingeniambia, baba watoto," akasema.

"Niende nikaseme kwa kamanda?"

Mkewe akailainisha shuka kwa mkono uliokuwa huru.

"Nikisema watanifukuza. Wewe sema tu. Nitafanya utakavyosema."

"Mbona unanitupia mimi?" Alisema hivyo pole pole, hakukasirika. Akageuza uso ukutani. Mwiko akaona mabega yake yanatikisika, akataka kumshika, akaogopa kuigusa mipira.

Muuguzi akaingia na daftari lake. Alikuwa na haraka, wagonjwa wengine wanangoja nje.

"Kadi, tafadhali. Nikupangieni wiki ijayo."

Mwiko akamwangalia mkewe. Mkewe alikuwa ameugeuza uso tena, akamwangalia yeye, kisha akafumba macho. Mwiko akaitoa kadi mfukoni.